Taa Ndogo Mbili Kwenye Njia ya Magindu

Tangu nirejee Kisarawe, kila mmoja wenu aliyekuja kunipa pole ameniuliza swali lilelile kwa namna yake: ilikuwaje hata usiwahi? Kila mmoja nimempa jibu fupi, kwamba njia ilikuwa mbaya. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi, na mimi ni mtu ambaye jibu lisilotosha humkosesha usingizi. Basi nimeona niiandike safari yote, hatua kwa hatua, ili atakayetaka kujua asome, nami nisilazimike kuisimulia tena kwa mdomo.

Wale msiojua habari za kwetu, jueni haya kwanza. Mama yangu aliishi Magindu, katika shamba aliloachiwa na marehemu baba. Mimi ni mwanawe wa pekee. Miaka yote ya shahada yangu ya pili nilikuwa ng'ambo, na nilikuwa nimeshuka melini siku chache tu kabla ya mambo haya. Masika yalikuwa yameiharibu njia ya Magindu na kusimamisha treni, hivyo nikafikia hapa Kisarawe kwa baba yangu mdogo, Mzee Shabani, mnunuzi wa korosho, nikisubiri njia ikauke. Mama alikuwa mzima. Aliniletea salamu nisihangaike na matope, kwani yeye haendi popote.

Asubuhi ile alikuja mfanyakazi mmoja wa reli akiwa na habari iliyopigwa kwa simu ya reli kutoka stesheni ya Magindu: mama amefariki alfajiri. Watu wa kule walikuwa wameagiza mambo mawili. La kwanza, wangenisubiri hadi jua likaribie kuzama, wasiweze zaidi ya hapo. La pili, jirani yetu Mzee Mfaume angekuja na wenzake kunipokea kwenye kijito, kwa kuwa gari lisingeweza kuvuka.

Mnajua kwa nini walikubali kusubiri. Mwanamke huteremshwa kaburini na maharimu wake. Mama hakuwa na mume, wala baba, wala ndugu wa kiume. Baba Mdogo ni shemeji yake tu. Kwa kazi ile alikuwa nami peke yangu.

Kutoka Kisarawe hadi Pugu

Gari la Baba Mdogo ni jeusi na la zamani, lenye betri ya volti sita. Kiti chake cha nyuma kinanukia maganda ya korosho hata likioshwa. Tuliondoka mara moja. Nilidhani msiba ungetupa haki ya kupita haraka. Kwa kukaa mbali nilikuwa nimesahau kwamba kwetu ni kinyume. Pole haipokelewi dirishani huku injini inaunguruma. Unazima gari, unashuka, unakaa kwenye mkeka au benchi, mikono inainuliwa, Fatiha inasomwa, ndipo unapoachwa uinuke.

Na Baba Mdogo alimwambia kila mtu. Alipunguza mwendo kwa muuza kuni, kwa fundi cherehani, kwa wazee wawili waliokuwa wakitoka kondeni.

"Kwa nini unawaambia, Baba?" nikamuuliza tulipokwisha simama mara nyingi.

"Nisipowaambia, kesho wataniuliza mbona niliwapita kama miti. Wewe utarudi kwenye vitabu vyako. Mimi ninaishi nao."

Pale Pugu gari lilihitaji maji, nasi tukasimama kwenye kibanda cha mama mmoja aliyekuwa akiuza mihogo ya kuchemsha yenye nazi iliyokunwa. Baba Mdogo akamweleza. Yule mama akafuta mikono kwenye kanga, akanitazama, akanimiminia chai ya tangawizi bila kuniuliza.

"Kula, baba."

"Nashukuru, mama. Sina njaa."

"Sikukuuliza njaa. Unakwenda kumbeba mzazi. Utambebaje na tumbo tupu?"

Nikala. Niliimaliza sahani yote, na ninakumbuka kwamba mihogo ile ilikuwa mitamu, jambo ambalo lilinitia haya wakati ule na linanitia haya hadi leo.

Kwenye barabara ya Morogoro

Hatukuingia mjini. Tulizunguka hadi tukaishika barabara ya Morogoro, na mvua ikatushika hapo hapo. Mbele ya Kimara lori lililobeba mbao lilikuwa limeteleza likalala kwa upande, likiziba njia nzima. Dereva wake alikuwa amekaa juu ya mbao, akila muwa.

"Mna haraka?" akatuuliza.

"Tuna msiba," akasema Baba Mdogo.

Yule dereva akautupa muwa, akateremka, akatushika mkono mmoja mmoja, kisha akasema kwa upole kwamba lori lake halina habari ya msiba wa mtu, tukae tusubiri trekta.

Tulikaa. Baba Mdogo alinisimulia jinsi mama, alipokuwa bibi harusi mpya, alivyokataa kula samaki wa mto Ruvu kwa sababu walimnukia matope, hadi baba akawa anatembea mpaka stesheni kumtafutia samaki wa baharini aliyekauka. Alisimulia akicheka. Mimi nilikuwa nikipima mawingu. Nilijiuliza kama "jua likaribie kuzama" lina maana moja kwa watu wote siku ambayo jua lenyewe halionekani. Niliigeuza hoja hiyo kichwani kila upande, kana kwamba nikiimaliza vizuri trekta lingefika upesi.

Lilifika alasiri ilipokuwa inaingia.

Kibaha

Karibu na Mkuza, penye nyumba chache, vijiduka na mikorosho pande zote mbili, askari alikuwa amesimama kando ya barabara. Alituinulia mkono. Alikuwa mtu mzima, kaptula yake imepigwa pasi hata katika mvua ile. Alilizunguka gari taratibu, akamwambia Baba Mdogo awashe taa. Taa kubwa zikawaka. Akaamuru zizimwe, ziwashwe zile ndogo.

Kwa wasiojua magari: ninasema taa mbili ndogo zilizo juu ya madigadi ya mbele, kila moja ukubwa wa yai. Gari linapokuwa limeegeshwa gizani, hizo ndizo huachwa zikiwaka. Ya kulia iliwaka. Ya kushoto haikuwaka.

"Taa ndogo ya kushoto imekufa," akasema askari.

"Afande, sasa ni mchana," nikasema.

"Mchana utakwisha."

"Tunakwenda mazikoni," akasema Baba Mdogo. "Mama wa kijana huyu."

Askari akavua kofia. Akasema inna lillahi, akainua mikono, nasi tukainua, akasoma Fatiha mpaka mwisho kwa sauti nzuri kuliko ya maimamu wengi niliowasikia. Akafuta uso, akavaa kofia.

"Poleni sana. Lakini taa haiwaki."

"Afande," nikamwambia, "taa kubwa zinafanya kazi. Njia tutaiona."

"Taa kubwa zinakuonyesha njia wewe. Hizi zinawaonyesha wenzako kwamba upo. Mwezi uliopita gari liliegeshwa hapo kwenye kona bila taa. Lori likaja. Niliwaokota mimi, kwa mikono hii." Akaelekeza kidole kwenye maduka. "Nunua globu, tia, nikuone, uende. Sitakuandikia kosa mtu mwenye msiba. Lakini hupiti hivi."

 Alikuwa na haki, na hata sasa naona hivyo.

Nikaazima bisibisi kwa mwenye duka, nikafungua kioo cha taa. Globu ya taa ndogo haikazwi kwa nyuzi kama skrubu. Ina vijino viwili pembeni. Unaisukuma ndani, unaizungusha kidogo, inatoka. Waya wake mwembamba kama unywele ulikuwa umekatika, na kioo kimeingia weusi kwa ndani. Kikombe inamokaa globu kilikuwa na kutu, nikakikwangua kwa kisu, maana kikombe chenye kutu huzuia umeme hata globu ikiwa mpya. Kazi hiyo ilinituliza. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi mikono yangu ilikuwa na kitu inachokielewa.

Mwenye duka alikuwa na globu za umbo lilelile, lakini zote zilikuwa za volti kumi na mbili.

"Za sita zimekwisha," akasema. "Magari ya sita siku hizi ni ya wazee."

"Unamsikia?" akasema Baba Mdogo. "Sasa zitaingia au haziingii?"

"Zitaingia," nikajibu. "Hazitaungua. Tatizo litakuwa kinyume chake. Betri itazipa nusu ya volti zinazotaka, na mwanga utashuka hadi robo, pengine chini zaidi. Zitawaka kwa unyonge."

"Lakini zitawaka?"

"Zitawaka."

"Basi tia, twende."

Nikatia ya kushoto. Iliwaka kwa unyonge, kama nilivyosema. Nikarudi nyuma hatua chache, nikatazama, nikaanza kufikiri. Upande mmoja wa gari ulikuwa na mwanga mweupe, na mwingine mwekundu usioonekana vizuri. Dereva anayekuja mbele yetu angeuona ule mweupe peke yake, angedhani ni baiskeli, angetupisha kwa upana wa baiskeli. Hoja hiyo niliiona haina kasoro. Nikanunua globu ya pili, nikaifungua taa ya kulia, nikaitoa ile nzima.

"Ile ilikuwa inawaka," akasema Baba Mdogo.

"Lakini hazilingani."

"Zilingane kwa ajili ya nani, Bwana Shahada?"

Hakungoja jibu. Sasa zote mbili ziliwaka sawasawa, kwa rangi ya kaa linalokaribia kuwa jivu. Askari alikuja, akainama, akazitazama moja moja. Akasema ni hafifu, lakini taa ni taa. Akatupigia saluti kama watu wakubwa.

Mlandizi, na kuvuka Ruvu

Hapa sina mengi. Pale Mlandizi familia moja ya wakulima waliomjua baba walikuwa wamekwisha sikia, wakatusubiri barabarani na sahani ya wali uliofunikwa kwa kawa. Tulikula tumesimama, na waliliona jambo hilo kuwa baya sana. Bibi mmoja wa nyumba ile alinishika kifundo cha mkono akaniambia, "Nenda, mjukuu wangu, wanakungoja." Yeye peke yake siku nzima ndiye aliyenihimiza kwenda.

Tukavuka daraja. Mto ulikuwa umejaa, wa rangi ya chai ya maziwa. Baba Mdogo hakusema lolote kuhusu samaki.

Njia ya Magindu

Tulipoiacha barabara kuu na kushika njia ya udongo, mawingu yalikuwa yameshuka kiasi kwamba chini ya miti palikuwa tayari pana giza, ingawa juu bado palikuwa na weupe. Gari lilikwenda kwa kuyumba. Karibu na kijito, lakini si penyewe hasa, gurudumu la nyuma likazama. Tukasukuma, tukakata matawi tukayatandika, likazidi kuzama.

"Zima injini," nikasema. "Mzee Mfaume atatukuta hapa. Kijito kiko mbele kidogo tu."

Nilitaka kukimbia kwenda mbele peke yangu. Nikafikiri: maji yamejaa, sijui wanapovukia mwaka huu, na nikipita njia nyingine nitapishana nao. Uamuzi wa kukaa ulikuwa wa busara. Nikazima taa kubwa ili betri isiishe. Kisha, nikiyakumbuka maneno ya yule askari, nikaziacha taa ndogo zikiwaka, ili wenzetu wajue kwamba tupo.

Hatukukaa sana. Tulisikia watu wakiongea ng'ambo ya kijito, wakishuka, maji yakipigapiga. Nikatoka garini. Sikuwaona, lakini nikaisikia sauti ya Mzee Mfaume, nayo niliijua, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikiniita nirudishe mbuzi nilipokuwa mtoto. Furaha yangu wakati ule ilikuwa kubwa. Nikaita kwa nguvu.

"Mzee Mfaume!"

Wakanyamaza kimya kabisa.

"Mzee Mfaume! Njoo, tuko hapa!"

Nikasikia kitu kikianguka majini, pengine taa ya mkononi, kisha miguu ikikimbia, miguu mingi, ikipanda ule upande wa pili. Nikaita tena, nikataja jina langu, Idi, mwana wa shamba la mwembeni. Hakuna aliyerudi.

Nilisimama nisielewe. Baba Mdogo alielewa kabla yangu. Alilizunguka gari, akasimama mbele yake, akazitazama zile taa kwa muda. Kisha akaingiza mkono ndani, akazizima.

"Mumiani," akasema.

Mnalijua jambo hili, ingawa mjini mnalicheka. Katika vijiji vile watu wanasadiki kwamba wako wanaokamata wapita njia jioni, wakawatoa damu ya kufanyia dawa. Inasemwa kwamba gari lao huegeshwa porini, halina taa kubwa, lina vijitaa viwili vyekundu tu. Mimi pia nililelewa na hofu hiyo. Nilipokuwa nikipiga mahesabu ya volti pale Kibaha, nilimfikiria dereva anayekuja mbele yetu. Wale waliokuwa wakija kwa miguu sikuwafikiria.

"Tuvue viatu," akasema Baba Mdogo. "Tuwafuate."

Kuvuka kulituchukulia muda mrefu. Tulipapasa, tukarudi nyuma mara mbili maji yalipofika kifuani. Baba Mdogo ni mzee na hajui kuogelea. Nilimshika mkono, naye alikuwa akisoma kwa sauti ya chini bila kukoma. Tulipopanda upande wa pili, weupe wa juu ulikuwa umekwisha.

Makaburini

Milango yote ya kijiji ilikuwa imefungwa. Kwetu ndani kulisikika wanawake wakilia, lakini tulipobisha wakanyamaza. Baba Mdogo aliwasemesha kupitia ufa wa mlango, akaapa, akataja majina ya watoto wao na ya wajukuu wao, hadi sauti ya mwanamke mmoja ikatujibu kwamba maiti haimo ndani. Imekwisha pelekwa.

Tulikuta taa ya chemli makaburini na watu wanne. Watatu walikuwa wamesimama karibu karibu, majembe mikononi kama watu wanaotaka kujihami. Wa nne, Mwalimu Jumbe wa msikiti wetu, alikuwa amekaa chini kichwani mwa kaburi. Udongo ulikuwa umekwisha rundikwa.

Mzee Mfaume aliniinulia chemli usoni. Alinitazama sana.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba." Akaisogeza chemli karibu zaidi. "Ni wewe uliyeniita?"

"Ni mimi."

"Tulifika, mwanangu. Tulifika mpaka majini. Tukaona macho mawili mekundu hayapepesi. Kisha likaniita kwa jina langu. Wale huwaita watu kwa majina. Sauti nisingeijua. Ulipoondoka hapa kwenda shule ulikuwa na sauti nyingine."

Alinieleza mengine bila mimi kuuliza. Waliporudi na habari ile, kijiji kiliingiwa na hofu. Wanawake wakataka wanaume wao warudi ndani, na ikaonekana kwamba mtu wa kusubiriwa hayupo tena, kwani kama alikuwa njiani basi amekwisha kukutana na gari lile. Waliniombea mimi pia. Kisha wakambeba mama haraka, wakamzika.

"Nani alimteremsha?"

"Mimi, na hawa wazee wawili. Tulitandaza shuka juu ya kaburi tangu mwanzo mpaka tukaziba. Hakuna aliyeona kitu. Hilo uwe na hakika nalo."

Nilianza kumweleza. Nikamwambia kuhusu betri ya volti sita na globu za volti kumi na mbili, kwamba waya ukikosa nguvu haufiki kwenye weupe, hubaki mwekundu. Nikamweleza kuhusu ile globu nzima niliyoitoa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, chemli ameishika kati yetu.

"Basi zilikuwa taa," akasema.

"Ndiyo, baba. Zilikuwa taa."

Akaiweka chemli chini, akageuka, na mabega yake yakaanza kutikisika. Baba Mdogo akaenda akasimama karibu naye.

Mimi sikulia. Nililitazama kaburi, nikatafuta cha kufanya kwa mikono yangu, nisikione. Kila kitu kilikuwa kimefanywa, na kilifanywa vizuri. Ndipo Mwalimu Jumbe alipoongea, akiwa bado amekaa.

"Idi. Njoo hapa."

Nikaenda nikachuchumaa kando yake.

"Hawa walitaka niondoke nao. Nimekataa, kwa sababu talkini sijaisoma, hajakumbushwa majibu yake ya kaburini. Nilikuwa nimekaa nikifikiri. Maiti huitwa kwa jina la mama yake. Sasa mama yako alikuja kwetu bibi harusi kutoka Kilwa, hana mtu wa kwao hapa. Sisi tulimwita Mama Idi miaka yote. Nimeuliza nyumba nzima, wanawake waliomwosha, majirani, hakuna anayemjua bibi yako alikuwa nani. Imeruhusiwa niseme mwana wa Hawa, kwani sote ni wanawe, na nilikuwa nimekwisha fumbua kinywa kusema hivyo mlipotokea." Akanitazama. "Wewe unalijua jina hilo?"

Nililijua. Bibi alifariki kabla sijazaliwa, na mama hakuwa mtu wa kusimulia habari za Kilwa, lakini alipokuwa akipeta mchele peke yake alikuwa na kawaida ya kumtaja, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili.

"Mwanamvua," nikasema. "Zainabu binti Mwanamvua."

"Sema tena, taratibu. Nisije nikakosea."

Nikasema tena. Mwalimu akalirudia kwa midomo tu, akahakikisha. Wale wazee wakaweka majembe chini, wakakaa. Kisha akaliinamia kaburi, akamwita.